Miaka 35 Nje ya Serikali: Kisa cha Lois Browne-Evans wa Bermuda

Mwanzoni mwa Desemba 1977, kiongozi wa upinzani katika bunge la Bermuda alikuwa akihangaika kuokoa shingo ya mteja wake. Mteja huyo, Larry Tacklyn, alikuwa amehukumiwa kunyongwa. Rufaa zilikuwa zimegonga mwamba, London ilikuwa imekataa kuingilia kati, na kitanzi kilikuwa kinasubiri. Wakili wake, Lois Browne-Evans, alikuwa na umri wa miaka 50. Tarehe 2 Desemba Tacklyn alinyongwa pamoja na mfungwa mwenzake, Erskine Burrows, na mji mkuu, Hamilton, ukawa unawaka moto.

Miaka 22 baadaye, mwaka 1999, Bermuda ilifuta adhabu ya kifo. Katika serikali iliyoifuta, Mwanasheria Mkuu wa kwanza mwanamke alikuwa Bi Lois huyohuyo.

Nimeanza hapo kwa makusudi. Kila wasifu wake unaanza kwa kuhesabu mambo aliyoyafanya kabla ya mwanamke mwingine: wakili wa kwanza mwanamke Bermuda, mwanamke wa kwanza mweusi kuchaguliwa bungeni, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Jumuiya ya Madola kuongoza upinzani bungeni. Yote hayo ni kweli na ni haki yake yatajwe. Lakini hayajibu swali ambalo mimi hurudi kwalo kila ninapomsoma. Chama chake kilishindwa uchaguzi mkuu mara nane mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1993, naye alikuwemo katika kila kushindwa. Hakuwahi kuwa waziri mkuu. Basi ni kazi gani hasa aliyoifanya muda wote huo, hata Bermuda ilipoanza kutangaza mashujaa wake wa taifa ikamtaja yeye mbele ya wote?

Jibu langu ni kwamba aliufanya upinzani kuwa kazi yenyewe. Wengi huuona upinzani kuwa chumba cha kungojea: unakaa, unavumilia, ukichoka unavuka upande wa pili wa bunge ukapewe uwaziri. Yeye aliukalia kama mtu anayekalia shamba lake. Analima msimu huu na msimu ujao, mvua zikikataa anapanda tena. Na kama mkulima yeyote, kuna mahali alikosea, nami nitapataja.

Visiwa vya kura mbili

Bermuda ni funguvisiwa dogo katika Atlantiki, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka pwani ya North Carolina, Marekani. Ukiunganisha visiwa vyote hupati kilomita za mraba 55. Pemba pekee inaipita zaidi ya mara kumi. Wakazi ni kama 60,000, na walio wengi ni weusi, wazao wa watumwa. Hata leo ni milki ya Uingereza.

Bunge lake, hata hivyo, ni la tangu mwaka 1620, na kwa zaidi ya karne tatu lilikuwa la wenye mali. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1834, sharti la mali kwa mpiga kura lilipandishwa, ili waliotoka kwenye minyororo wasifike kwenye sanduku la kura. Mwenye ardhi katika parokia kadhaa, maana visiwa vimegawanywa katika parokia tisa, aliweza kupiga kura katika kila moja. Wafanyabiashara wa kizungu wa Front Street, barabara ya bandarini Hamilton, walishika mpini. Wengine wote walishika makali. Wanawake wenye mali walipata kura mwaka 1944 baada ya harakati ndefu, na mwaka 1948 wanawake wawili, Hilda Aitken na Edna Watson, wakaingia bungeni. Mwanamke mweusi asiye na ardhi hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo.

Lois Browne alizaliwa humo mwaka 1927, katika parokia ya Pembroke. Alisoma Berkeley Institute, sekondari iliyowapokea weusi wakati shule za wazungu zilikuwa zimewafungia milango. Alikuwa kijana wa miaka 19 wakati Dkt. E. F. Gordon, daktari mzaliwa wa Trinidad aliyeongoza chama cha wafanyakazi, alipopeleka London hati ya malalamiko ya Wabermuda weusi mwaka 1946. Serikali ya kikoloni ilisikia, na mambo yakabaki karibu palepale. Baadaye binti huyo akaenda London mwenyewe, akasomea sheria, na mwaka 1953 akarudi akiwa wakili. Mji mzima haukuwa na wakili mwanamke mwingine.

Tafakari maana ya kurudi huko. Mwaka 1953, Hamilton, majumba ya sinema yalikuwa na viti vya wazungu na viti vya weusi, na hoteli kubwa zilimruhusu mtu mweusi kuingia kutandika vitanda, si kuvilalia. Wakili huyu angeweza kusimama mbele ya jaji asubuhi akabishana na mwenzake mzungu, halafu jioni asiruhusiwe kukaa naye mstari mmoja kutazama picha. Ubaguzi huo wa wazi ulitikiswa na mgomo wa majumba ya sinema wa mwaka 1959. Kwa wiki mbili hivi watu weusi walisusa, wenye majumba wakaona hasara, na milango ikafunguliwa, ya hoteli na mikahawa pia.

Ikabaki milango ya bunge. Mwaka 1960 Roosevelt Brown, ambaye baadaye alijulikana kama Pauulu Kamarakafego, aliongoza kamati ya kudai kura kwa kila mtu mzima. (Msomaji wa Tanzania huenda alimsikia: alikuwa miongoni mwa walioandaa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, lililofanyika Dar es Salaam mwaka 1974.) Wenye nguvu walikubali, lakini kwa hila. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1963 ilimpa kura kila mwenye miaka 25 na zaidi, kisha ikampa mwenye ardhi kura ya pili.

Wazee wetu wanaijua mizani ya namna hiyo. Tanganyika ilikuwa na Kura Tatu: mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, akiacha mmoja kura yake inaharibika. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora ikijiuliza isusie au iingie, ikaamua kuingia, na uamuzi ule ukaitwa wa busara. Ofisi iliyokuwa ikitunga vipimo vya aina hii, Dar es Salaam au Hamilton, ilikuwa ileile moja ya Makoloni, London. Na swali likawa lilelile: unaingia katika uchaguzi unaojua umepindwa, au unabaki nje ukiwa msafi?

Bi Lois aliingia. Februari 1963 kilizaliwa Progressive Labour Party, PLP, chama cha kwanza cha siasa Bermuda. Katika uchaguzi wa mwaka huo kilipata viti sita, na kimoja, cha Devonshire North, kilikuwa chake. Hakukiachia mpaka alipostaafu mwaka 2003. Miaka 40, jimbo moja.

Ramani kabla ya kura

Wapinzani wa PLP hawakulala. Mwaka 1964 Sir Henry Tucker, mtu wa benki na wa Front Street, aliwakusanya wabunge huru, wengi wao wazungu, akaunda United Bermuda Party, UBP. Chama hicho kilikuwa na akili. Kiliona mapema kwamba hakiwezi kutawala nchi ya weusi wengi kikiwa na sura za kizungu tupu, kikawaingiza weusi wa tabaka la kati. Nalisema hili kwa sababu ni rahisi kuisimulia Bermuda kama hadithi ya weusi upande huu na wazungu upande ule. Ingekuwa hivyo, PLP ingeshinda mwaka 1968.

Mwaka 1966 London iliitisha mkutano wa katiba. Bi Lois alikuwa katika ujumbe mdogo wa PLP. Kwa maoni yangu hapa ndipo palipotokea jambo zito kuliko yote katika miaka yake ya mwanzo, ingawa halina moto wala damu. Mjadala ulikuwa wa mipaka ya majimbo. Pendekezo lililoshinda lilibakiza parokia kuwa msingi: kila parokia majimbo mawili, Pembroke peke yake manne, na kila jimbo kutoa wabunge wawili. Jumla viti 40. Ukiutazama mpango huo haraka unaonekana wa haki, kila parokia na fungu lake. Lakini watu hawakuwa wamegawanyika sawasawa. Parokia zenye wafanyakazi wengi weusi zilibanwa, na zile tulivu zenye nyumba kubwa zikapata uzito uleule kwa watu wachache zaidi. PLP ilitaka majimbo yafuate idadi ya watu, mbunge mmoja kila jimbo. Wajumbe wake walikataa kuunga mkono ripoti ya wengi, wakaandika maoni yao mbali.

Anayedhani mipaka ni jambo la makarani aitazame Zanzibar ya Julai 1963. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Matokeo yake tunayajua na bado tunaishi nayo. Wakati mwingine kalamu iliyochora ramani imeshaamua kabla mpiga kura hajatoka nyumbani.

Kura ya nyongeza ya wenye ardhi ilifutwa na umri ukashushwa hadi 21, lakini ramani ya parokia ikabaki. Aprili 1968 vurugu zikazuka Hamilton, hali ya hatari ikatangazwa, na wiki chache baadaye, tarehe 22 Mei, watu wakapiga kura. PLP ilikuwa imeahidi uhuru, maneno yaliyotisha visiwa vinavyoishi kwa watalii. UBP ilipata viti 30, PLP 10. Kiongozi wa PLP, Walter Robinson, alipoteza kiti chake mwenyewe.

Ndivyo Bi Lois alivyokuja kuwa kiongozi wa upinzani. Chama hakikukaa kikaamua kwamba sasa ni zamu ya mwanamke. Kilikuwa kimepigwa, kiongozi wake yuko nje ya bunge, na kati ya kumi waliobaki yeye ndiye mwenye sheria kichwani na kinywa kisichoogopa. Wanawake wengi hupewa usukani wa aina hiyo, wakati mtumbwi umeshaingia maji na hakuna anayeutamani. Aliushika hadi 1972, Robinson akarudi, kisha mwaka 1976 ukamrudia tena. Safari hiyo alikaa nao miaka tisa.

Kitanzi

Ili kuelewa Desemba 1977 lazima turudi nyuma kidogo. Septemba 1972 kamishna wa polisi, George Duckett, aliuawa nyumbani kwake. Tarehe 10 Machi 1973 gavana mwenyewe, Sir Richard Sharples, alipigwa risasi akitembea katika bustani ya makazi yake, pamoja na msaidizi wake wa kijeshi, Kapteni Hugh Sayers. Mwezi uliofuata watu wawili waliuawa katika duka kubwa mjini Hamilton. Burrows alitiwa hatiani kwa mauaji ya kamishna na gavana. Tacklyn alishtakiwa kwa mauaji ya gavana akaachiwa. Kilichomfunga ni yale ya dukani.

Mauaji hayo yalikuwa maovu, na sitaki mtu asome hapa kama vile nayapamba. Waliouawa walikuwa watu wenye familia. Bi Lois naye hakudai kwamba si maovu. Alichodai ni kwamba dola isiue, na kwamba nchi ambayo haikuwa imemnyonga mtu kwa zaidi ya miaka 30 haikuwa na sababu ya kuanza sasa, kwa watu weusi wawili, katika kesi iliyobeba jina la gavana wa kizungu.

Hapa nataka tusimame kidogo. Alikuwa kiongozi wa upinzani. Mwaka mmoja nyuma, katika uchaguzi wa 1976, PLP ilikuwa imepanda kutoka viti 10 hadi 14. Mshauri yeyote wa siasa angemwambia: mama, kesi hii mpe wakili mwingine. Wapiga kura wa katikati, wale weusi wenye biashara ndogo na nyumba ya kupangisha watalii, ndio hasa uliokuwa ukiwahitaji, na ndio wanaoogopa vurugu kuliko kitu chochote. Magazeti yatakuchora pamoja na wauaji. Hata hivyo aliibeba kesi hadi ngazi ya mwisho ya rufaa London, akaendelea kuibeba baada ya London kukataa, akarudi mahakamani Hamilton saa zikiwa zimebaki kidogo.

Alishindwa. Watu hao wawili walinyongwa, na hadi leo ndio wa mwisho kunyongwa chini ya bendera ya Uingereza popote duniani. Vurugu zilidumu siku kadhaa. Majengo yaliteketea, watu watatu walikufa katika moto wa hoteli ya Southampton Princess, na askari wakaletwa kutoka Uingereza. Serikali iliwatazama PLP kwa jicho la lawama, na kwa muda Bi Lois alikuwa jina la kutishia watoto katika nyumba za wenye nacho.

Lakini tazama kilichofuata. Tume iliyoongozwa na Lord Pitt, daktari mweusi mzaliwa wa Grenada aliyekuwa katika Baraza la Malodi, ilitumwa kuchunguza chanzo cha vurugu, na malalamiko ambayo PLP ilikuwa ikiyarudia tangu 1966 yakaingia katika karatasi za serikali. Na uchaguzi wa Desemba 1980 ukaja. UBP viti 22, PLP 18.

Kumi, kumi na nne, kumi na nane. Bandubandu huisha gogo. Viti viwili zaidi vingefanya 20 kwa 20. Vitatu vingemfanya waziri mkuu. Yule waliyedhani amejichafua kwa damu ya gavana alikuwa amekikaribia kiti kuliko mpinzani yeyote kabla yake. Siamini kwamba kesi ya Tacklyn ilimletea kura moja kwa moja. Naamini iliwaonyesha watu wa vichochoro vya Pembroke na Devonshire kwamba kuna mtu ambaye hatawahama siku hesabu zikikataa. Imani hiyo hujengwa polepole, na ndiyo iliyompa kiti chake kila uchaguzi, hata ule mbaya kuliko yote.

Mwaka 1985

Ule mbaya kuliko yote ulikuwa Oktoba 1985, na hapa lazima niseme pasipopendeza.

Baada ya kunusurika 1980, UBP ilifanya jambo la werevu. Waziri mkuu wakati ule alikuwa David Gibbons, mfanyabiashara mzungu wa familia tajiri. Mwaka 1982 alijiuzulu, na chama kikamweka John Swan: mweusi, aliyejitajirisha mwenyewe kwa kujenga na kuuza nyumba, mchangamfu, mwenye kuwapa weusi wa tabaka la kati picha ya mahali wanapoweza kufika. Mwanzoni mwa 1983 Swan aliitisha uchaguzi. PLP ikashuka hadi viti 14.

Silaha kubwa ya PLP, kwamba UBP ni chama cha Front Street, ilikuwa imebutuliwa. Ndani ya chama wakaanza kuuliza kama kiongozi aliyepigana vita vya 1963 ndiye wa kupigana na Swan. Swali lilikuwa halali. Jibu walilopewa halikuwa. Mgogoro ulimalizika kwa baadhi ya wabunge kufukuzwa chamani, nao wakaunda chama chao, National Liberal Party, chini ya Gilbert Darrell. Swan aliona ufa akapita hapohapo: akaitisha uchaguzi kabla ya muda. UBP 31, PLP saba, National Liberal viwili.

Saba. Chini hata ya vile kumi vya 1968. Ujasiri uleule uliomfanya asimwache Tacklyn ndio uliomfanya asiwasikilize wenzake. Aliyezoea kusimama peke yake mbele ya jaji, gavana na London alishindwa kutofautisha adui na mwenzake anayesema, dada, sasa pumzika. Nimeona jambo hili katika vyama vingi vya upinzani karibu yetu, na kila mara waanzilishi hujibu vivyo hivyo: mlikuwa wapi sisi tulipokuwa tunateseka? Ni jibu linaloumiza kwa sababu lina ukweli ndani yake. Lakini halileti kiti hata kimoja.

Kinachomtofautisha ni alichofanya baada ya hapo. Alijiuzulu uongozi, akampisha Frederick Wade. Hakuondoka chamani. Hakuanzisha kundi lake wala hakukaa barazani akimsema mrithi wake. Alirudi kuwa mbunge wa Devonshire North, akakaa nyuma ya kiongozi ambaye zamani alikaa nyuma yake. Chini ya Wade chama kikapanda tena, viti 15 mwaka 1989 na 18 mwaka 1993, palepale Bi Lois alipokifikisha 1980. Wade alifariki mwaka 1996 bila kuuona ushindi. Akashika Jennifer Smith.

Upande ule mwingine Swan alikuwa ameondoka. Alitaka uhuru, akaitisha kura ya maoni Agosti 1995, na karibu robo tatu ya waliopiga kura wakakataa. PLP, chama kilichodai uhuru miaka yote, kiliwataka watu wake wasusie. Kilisema uhuru huamuliwa kwa uchaguzi mkuu. Mpaka leo Bermuda haijapata uhuru, na kwa jambo hilo Bi Lois hakuona alichokitafuta.

Novemba 1998

Uchaguzi wa tarehe 9 Novemba 1998 ulikuwa wa wanawake wawili weusi. Upande wa UBP, waziri mkuu Pamela Gordon, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Bermuda na binti wa Dkt. E. F. Gordon, yule aliyepeleka malalamiko London mwaka 1946. Upande wa PLP, Jennifer Smith. Baba alikuwa mzizi wa harakati zilizokizaa PLP. Binti aliongoza chama cha Tucker. Watu wa visiwa vidogo hawawezi kukimbiana.

Wala hakuna aliyeona ajabu tena kwamba atakayeshinda, yeyote yule, atakuwa mwanamke. Miaka 30 nyuma, mwanamke pekee katika kiti cha kiongozi wa chama bungeni alikuwa Bi Lois, na alikipata kwa sababu mwanamume aliyekuwa mbele yake alikuwa ameanguka.

PLP ilishinda, 26 kwa 14. Bi Lois, miaka 71, akaingia serikalini kwa mara ya kwanza katika maisha yake, waziri wa mambo ya sheria, na mwaka 1999 Mwanasheria Mkuu. Mwaka huohuo Malkia akampa cheo cha Dame. Wapo waliomlaumu: mdai uhuru mzima anapokeaje nishani ya dola aliyoipinga? Mimi sioni usaliti. Aliipokea kutoka kwa dola ambayo mahakama zake alizitumia maisha yake yote kupigana nayo. Ila naelewa kwa nini iliwauma wengine, maana kwa watu wanyonge alama ni chakula pia.

Na mwaka huo, 1999, bunge likapitisha sheria ya kufuta adhabu ya kifo pamoja na ile ya viboko. Sheria hiyo haikumfufua mtu. Tacklyn alikuwa kaburini miaka 22. Lakini aliyesimama mahakamani bila chochote mkononi isipokuwa hoja alikuwa sasa katika baraza la mawaziri la nchi ileile, na hoja haikuwa imebadilika.

Jambo la mwisho lilikuwa la ramani. Mpango wa parokia wa mwaka 1966 ulivunjwa, yakachorwa majimbo 36 kwa kufuata idadi ya watu, mbunge mmoja kila jimbo, karibu sawasawa na PLP ilivyotaka London. Uchaguzi wa kwanza kwa ramani hiyo ulifanyika Julai 2003. PLP ilishinda tena. Bi Lois hakugombea. Jimbo la zamani la Devonshire North lilikuwa limekwenda na ramani ya zamani, naye akaenda nalo.

Alifariki Mei 2007, siku chache kabla ya kutimiza miaka 80. Mwaka uliofuata Bermuda ilimtangaza kuwa shujaa wake wa kwanza wa taifa. Ukifika Hamilton leo, barabara ya Court Street, kuna jengo kubwa lenye kituo cha polisi na mahakama ya mahakimu. Mtu aliyekamatwa usiku huingizwa humo, na asubuhi hupandishwa kizimbani humohumo. Jengo lina jina la Dame Lois Browne-Evans.